Zeze Kubwa la Mama wa Bibi Harusi

Mwanasha wa Msambweni alijaliwa sauti nzito kuliko ya mumewe. Ukiisikia nyuma ya ukuta ungeapa ni imamu mstaafu anatafuta viatu vyake. Akipokea simu watu walimwamkia, "Shikamoo mzee," naye alikuwa amekwisha kuchoka kuwasahihisha, akawa anaitikia "Marahaba" na kuendelea na mazungumzo. Utotoni, wakati wa Maulidi, mwalimu wa kasida alimpanga mstari wa nyuma na kumwambia afungue mdomo kama wenzake lakini asitoe kitu. Alitii. Balaa la mtoto mtiifu ni kwamba husahau kuacha kutii: alifika miaka hamsini na mitatu bado anafungua mdomo harusini na hatoi kitu.

Lisingekuwa jambo kubwa. Harusi inahitaji wapishi pia, na biriani ya Mwanasha haikuwa na mpinzani kutoka Msambweni hadi Ukunda. Lakini binti yake wa pekee, Hanifa, alipochumbiwa na kijana wa Waa aliyekuwa akifanya kazi Doha, ikaja habari ya wimbo wa kwanza.

Katika ukoo wa mumewe, siku ya kupamba, bibi harusi akishaketishwa mbele ya wanawake, mama yake ndiye anayetoa wimbo wa kwanza. Si rafiki, si jirani, si kinanda cha kukodi. Ni mama, na ndiyo kumuaga mwana kwenyewe. Mama akishindwa, shangazi huimba badala yake, na jambo hilo halisahauliki. Miaka ishirini ikipita, mwana amezaa na wanawe wanasoma, bado watu watasema, "Nani, yule aliyeagwa na shangazi?"

Shangazi wa Hanifa alikuwa Fauzia. Fauzia alikuwa na sauti nzuri; tuseme kweli hata kama inauma. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe alilijua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote, na hakumruhusu mtu alisahau. Posa ilipokubaliwa tu, alimfuata Mwanasha jikoni, akamshika bega kwa ile huruma ya mtu aliyesimama juu ya ngazi.

"Wifi, usijitie presha. Siku ile nitakuvua aibu mimi. Wimbo nimekwisha kuuchagua."

"Ahsante, wifi," akasema Mwanasha.

"Taratibu, mwenzangu, masufuria yanatikisika."

Akaenda zake akicheka. Mwanasha akaendelea kuchagua mchele, akitupa chuya pembeni kwa hasira. Mtoto alimzaa yeye. Alimlea yeye. Siku ya kumuaga, aagwe na Fauzia? Aliapa pale pale, mbele ya ungo, kwamba wimbo wa kwanza utatoka kwake. Vipi utatoka, hakuwa na habari hata kidogo.

Mwanasha alikuwa msimamizi wa dobi katika hoteli moja ya Diani. Jioni moja alipeleka vitambaa vya meza kwenye baraza la kulia chakula, akawakuta wapiga muziki watatu wakiwapigia wageni waliokuwa wakila kamba na kutosikiliza chochote. Mmoja wao, msichana mrefu wa bara, alikuwa amekumbatia zeze kubwa ajabu, lenye kimo cha mtoto wa darasa la tano, akilipitishia upinde. Na lile zeze likasema. Likasema kwa sauti ya Mwanasha.

Alisimama pale na vitambaa vyake mikononi. Kwanza alikasirika. Miaka yote ile ameambiwa sauti hii haiimbiki, kumbe kuna watu wanapanda ndege na wanawekewa sauti hii hii mezani pamoja na ndimu! Halafu hasira ikayeyuka, akabaki anasikiliza. Mhudumu mkuu ilimbidi amwite mara tatu.

Msichana yule aliitwa Beryl, mzaliwa wa Kisumu, mtoto wa Nairobi. Mwanasha alimngojea nyuma ya jikoni. Beryl alipomwona na sare ya dobi akadhani ameletewa kesi ya doa.

"Kama ni ile blauzi, Mathe," akasema, akimwita mama kwa lugha ya Nairobi, "naomba msamaha, ile ni mchuzi tu."

"Kwanza mkubwa anaamkiwa."

"Oh. Shikamoo, Mathe."

"Marahaba. Hilo zeze lako linaitwaje?"

"Selo."

"Nifundishe."

Beryl alimtazama kuanzia mtandio mpaka kandambili. "Uko siriasi? Hii kitu watu huanza wakiwa na miaka sita."

"Mimi nimechelewa kidogo," akasema Mwanasha. "Unapenda biriani?"

Basi ikawa biriani kwa selo, kila siku ya mapumziko ya Beryl. Beryl alikuwa na selo la zamani, lenye ufa ubavuni, alilolitumia alipokuwa shuleni. Wakajifungia katika ghala la mashuka la hoteli, ambamo mashuka yalipangwa mpaka darini na kumeza kila sauti. Somo la kwanza halikufika mbali.

"Unaiweka hapa katikati ya magoti," Beryl akaonyesha. Yeye alivaa suruali.

Mwanasha akautazama mlango kama umefungwa sawasawa. "Mwanangu, nikikaa hivyo mbele za watu, wataniitia mkunga."

Wakajaribu selo likae kando; upinde ukawa haufiki. Wakajaribu asimame, selo likateleza na kumwangukia Beryl mguuni, na Beryl akasema maneno ya Nairobi ambayo hayahitaji kuandikwa hapa. Mwishowe Mwanasha akajifunga leso pana juu ya dera, akashusha pumzi, akakaa vile anavyokaa akikuna nazi. Miguu ikapata mahali pake, mkono wa kulia ukajua kwenda na kurudi. Beryl akafurahi, akamwambia apitishe upinde. Selo likatoa sauti ambayo mpaka leo wafanyakazi wa hoteli ile wanaamini ilikuwa ni lifti.

Baadaye alilichukua akaenda nalo nyumbani, likalala katika ghala la mahindi, dirisha likazibwa kwa godoro. Hanifa, ambaye chumba chake kilipakana na ghala, hakuuliza kitu. Mbwana, mume wa Mwanasha, naye hakuuliza. Alikuwa ameendesha malori ujana wake wote, nusu ya maisha yake imepita Mackinnon Road akingojea spea, na kila kilichotoka ghalani alikisikia kama gari.

"Leo gia ya pili imekataa," angesema mkewe alipotoka akifuta jasho.

"Baba Hanifa, huo ni muziki."

"Sijakataa. Lakini paka mafuta."

Majirani ndio waliohangaika. Walisikia mlio wa kugumia jioni baada ya jioni, na Mbwana haonekani barazani kwa kuwa anasikiliza mpira ndani. Wakaunganisha wenyewe. Bwana Chome wa nyumba ya pili akaja na samaki changu wawili na dua ndefu ya shifaa. Wengine wakaleta uji, mayai, madafu. Mwanasha alitaka kuwaeleza ukweli, lakini ukweli ungefika kwa Fauzia kabla uji haujapoa. Mbwana akaonelea ni heri augue. Akajifunika shuka, akapokea wageni kwa sauti ya kuzimia, akanenepa.

Miezi ikapita, mwaka ukapita, wa pili ukaingia. Vidole vya Mwanasha viliota sugu. Siku nyingine alilia kabisa, hasa pale Beryl alipomwambia, "Mathe, hiyo siyo hiyo. Hata si jirani ya hiyo." Lakini alirudi. Na kidogo kidogo, katikati ya kukwaruza, palitokea sauti moja safi, halafu mbili zikafuatana, halafu mstari mzima, naye alipousikia ule mstari umetoka mikononi mwake, aliona haya kwa furaha, akageuka kutazama kama kuna mtu aliyemwona.

Beryl alimchagulia kipande kimoja cha polepole, cha Mjerumani fulani aliyekufa kabla nyanya wa nyanya yake Fauzia hajazaliwa.

"Kina maneno?" akauliza Mwanasha.

"Hapana. Ni muziki tu."

"Hapo umenifaa. Maneno ndiyo yanayoleta ugomvi harusini."

Hilo lilikuwa kosa, na Beryl, mtu wa bara, hakuwa na njia ya kulijua.

Siku ya kupamba uwanja wa nyumba ya Mbwana ulifunikwa turubai, wanaume wakafukuzwa, wanawake wakajaa mpaka kwenye shina la mnazi wa jirani. Hanifa alitolewa na kuketishwa juu ya kiti kilichopambwa, hina mpaka kwenye viwiko, macho chini, mdomo umefungwa, kama ipasavyo bibi harusi. Safu ya mbele walikaa wageni wa Waa, na katikati yao Bi Mishi, mama wa bwana harusi, mwanamke mwenye mwili na heshima ya kuujaza. Beryl alikaa nyuma ndani ya buibui la kuazima lililomwishia kwenye magoti.

Fauzia alikuwa amekwisha kuishika maikrofoni. "Kina mama," alianza, "mnajua wifi yangu hali yake..."

"Ngoja, wifi," Mwanasha akasema kutoka mlango wa jikoni.

Akatoka amelikumbatia selo, limefunikwa leso. Akakaa kwenye kiti, akajifunga leso yake juu ya dera, akalifunua. Uwanja mzima ukarefusha shingo. Mwanamke mmoja akauliza kama ni kabati. Mwanasha akamtazama mwanawe mara moja, akapiga moyo konde, akaweka upinde juu ya uzi.

Na ikatoka. Haikuwa kamilifu, lakini ilikuwa nzuri, nzito na ya taratibu, na Beryl kule nyuma akafunga macho kwa shukrani.

Sasa, harusi za kwetu hazina wimbo wa bure. Kila wimbo una mwenyewe. Mwimbaji akiimba habari za chungu kisicho na mfuniko, wanawake wote wanageuza shingo kutafuta chungu ni nani. Na aliyeguswa hainuki kwenda kulia. Anainuka kwenda kutunza. Anacheza mpaka mbele, anamchomeka mwimbaji noti, anarudi kidevu juu, ili kila mtu aone kwamba hakuumia. Lakini hapo maneno yapo, na angalau unajua umesemwa nini. Wimbo usio na neno hata moja ulikuwa haujawahi kusikika Msambweni, na kila mwanamke pale chini ya turubai alianza kuutafutia maneno.

"Anamsema nani?" mmoja akanong'ona.

"Nyamaza nisikie. Hapo amerudia mara mbili."

"Mara mbili? Si wewe uliyeolewa mara mbili?"

Yule aliyeolewa mara mbili akasimama, macho yamemtoka. Akakaza leso kiunoni, akajongea mbele akitikisa mabega, akachomeka noti kwenye mtandio wa Mwanasha, akarudi akimtazama aliyemwambia. Mwanasha akainamisha kichwa, maana ya kushukuru, akaendelea.

Wimbo ukafika mahali pake pa chini, pale anapopapenda kuliko kote, sauti inapoteremka ngazi kwa ngazi mpaka kwenye uzi mnene kabisa. Bi Mishi akashika kifua.

"Mmesikia?" akawaambia watu wake wa Waa. "Ameshuka. Ameshuka tena. Anasema mwanawe anashuka kuja kwetu!"

"Astaghfirullah," wakasema watu wa Waa.

Na palepale, kwa bahati mbaya, pakaja sauti moja ndefu, ya kuvutwa mpaka upinde unaisha, na Fauzia, ambaye huvuta kila mwisho wa ubeti mpaka watu wanaomba maji, akajua bila shaka kwamba hiyo ni yeye. Amedhihakiwa kwao, na wifi yake, kwa zeze!

Bi Mishi akainuka upande huu, Fauzia akainuka upande ule. Wakaja wakicheza, kila mmoja na noti zake zimekunjuliwa mfano wa feni, wakakutana mbele ya Mwanasha. Mtandio ulikuwa umejaa. Bi Mishi akatafuta mahali pengine pa kutunza, akaziona nyuzi za selo, akachomeka noti zake chini ya nyuzi hizo, katikati kabisa, zikakaa imara. Fauzia hakukubali kupitwa. Akachomeka zake zaidi, akazisukuma kwa kidole gumba.

Selo likakoroma, likakohoa, likanyamaza.

Mwanasha akapitisha upinde tena, ukatoa mkwaruzo wa karatasi. Alijua la kufanya: kuzitoa zile noti. Lakini kuling'oa tuzo la mtu mbele ya watu ni kumtemea mate, na mmoja wa watu hao ndiye angekuwa mkwe wa mwanawe kwa maisha yote. Wimbo ulikuwa umebaki nusu. Hanifa ameketi pale, macho chini, hajaagwa.

"Basi, wifi," Fauzia akasema, na mkono umekwisha kuifikia maikrofoni. "Umejitahidi. Niachie mimi nimalizie."

Vidole vya Mwanasha vilikuwa bado vinatembea juu ya nyuzi zilizozibwa, maana vimezoea na havijui kwamba mambo yamekwenda mrama. Sauti iliyofuata ilikuwa tayari kichwani mwake. Ilikuwa kooni mwake. Alifungua mdomo, na ikatoka yenyewe.

Haikuwa na maneno. Ilikuwa mstari ule ule, kutoka pale pale zeze lilipouachia, kwa kimo kile kile, hata wale walioketi nyuma hawakujua kwamba kitu kimebadilika. Walidhani noti zimeteleza. Wa mbele walijua. Walimwona anaimba. Mwanasha naye aliwaona wanamwona, akakingojea kile kicheko alichokiogopa maisha yake yote. Mahali fulani kushoto msichana mmoja alianza kucheka, mtu akamfinya. Mwanasha akalibana selo kwa nguvu. Hakuacha, kwa kuwa alijua akiacha atalia, na akilia Fauzia ataimba.

Bi Mishi hakurudi kukaa. Alisimama pale pale mbele, mikono kiunoni.

"Mama Hanifa!" akasema. "Mimi sikatai, kuimba umeimba. Lakini mbele ya watu hawa wote nataka nijue. Wimbo huu unamwimbia nani?"

Mwanasha hakuweza kujibu na kuimba kwa pamoja. Alichagua kuimba. Watu wa Waa wakaanza kutafuta mabuibui yao.

"Ni wangu."

Wanawake waligeuka kutafuta ni mwanamume gani aliyeingia. Hapakuwa na mwanamume. Ilikuwa sauti nzito, ya chini, nzima kama gogo, na ilitoka kwenye kiti kilichopambwa.

"Ni wangu, Bi Mishi," Hanifa akarudia, na akainua macho. "Ananiaga. Mwache amalize."

Tangu alipovunja ungo Hanifa alikuwa msichana wa kunong'ona. Watu walimsifu: mtoto ana haya, mtoto ana adabu, husikii anapoita. Bi Mishi alikuwa ametembea Waa nzima akijisifu kwamba mwanawe amepata mke mwenye sauti ya njiwa. Mwanasha mwenyewe aliamini hivyo, akamshukuru Mungu kwamba mwana hakumrithi. Sasa akaelewa, na akaumia vibaya sana. Mtoto alimrithi. Mtoto alimwona mama yake harusini mwaka baada ya mwaka, mdomo wazi na hakitoki kitu, akaona ndivyo mwanamke mwenye sauti ile anavyotakiwa aishi, akajificha ndani ya mnong'ono. Hakuna aliyemwambia. Alijifunza kwa kumtazama yeye.

Mwanasha akakosa pumzi, wimbo ukakatika.

Hanifa akaudaka. Alikuwa ameusikia kupitia ukuta wa ghala mpaka anaujua kuliko jina lake, na makosa yote ya mama yake yamo humo humo, akayaimba nayo. Bibi harusi, na hina yake, na wanja ulioanza kumteremka mashavuni, akiimba kwa sauti ya kuita ng'ombe kutoka Mkongani. Mwanasha akapata pumzi, akaingia naye. Wakaenda pamoja ngazi kwa ngazi mpaka kule chini kabisa, na mabati ya jikoni yakaitikia.

Bi Mishi alijishusha polepole kwenye kiti kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa cha Fauzia. Akamtazama mama, akamtazama mwana, akafikiria nyumba yake ya Waa, na vyumba vyake, na kuta zake nyembamba.

"Yarabi," akasema. "Kumbe wako wawili."

Mwanasha akacheka katikati ya wimbo, kicheko chake chote, cha kutoka tumboni, na Hanifa akacheka naye, wala hakuna aliyeacha kuimba.